Je, Musoma Haina Nyimbo? Maoni Kuhusu Miji na Sifa ya Kuimbwa

Miaka kadhaa iliyopita niliidhinisha tasnifu ya uzamili iliyodai kwamba miji ya mwambao huzaa nyimbo mashuhuri kwa sababu ina mvuto wa kisanaa, ilhali miji ya Kanda ya Ziwa, Musoma ikitajwa kwa jina, haina mvuto huo. Ushahidi wake ulikuwa hesabu: nyimbo tele za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, za Musoma, karibu hakuna. Nilitia sahihi. Mimi ni mzaliwa wa Kigera, na sikuhoji. Makala haya ni jaribio la kuhoji, japo kwa kuchelewa.

Tuanze na dai linaloiangukia taaluma yetu ya isimu, kwamba kuna majina ya miji yanayoimbika na mengine yasiyoimbika. Mombasa lina mizani tatu. Musoma lina mizani tatu. Yote mawili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na huishia kwa irabu ile ile. Mtunzi awezaye kuliweka la kwanza katika kipande cha mizani nane ataliweka la pili pale pale bila kuvunja urari. Kwa upande wa vina, Musoma lina nafuu zaidi: kina cha -ma kina maneno mengi mno (heshima, huruma, lawama, nyuma, salama), ambapo kina cha -sa humlazimisha mtunzi kurudia sasa, mkasa na anasa mpaka achoke. Dar es Salaam, kwa upande wake, ni jina gumu. Lina silabi zilizofungwa kwa konsonanti, hata watunzi hulazimika kulinyoosha liwe Daresalama au Dari Salama. Hata hivyo jiji hilo limeimbwa kuliko miji yote ya Tanzania Bara. Sauti ya jina, basi, si sababu.

Ukubwa nao si sababu. Lamu ni mji mdogo. Pate ulikuwa umekwisha kuporomoka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, na leo utenzi huo unajulikana na watu wengi kuliko magofu yenyewe. Kuhusu uzuri sitajadili. Aliyepata kulitazama ziwa jioni kutoka Musoma hahitaji hoja yangu, naye asiyepata kulitazama atasema ninapendelea kwetu.

Kwa maoni yangu, kilichopimwa na tasnifu ile ni mahali kinasa sauti kilipokuwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake iingie katika santuri. Zanzibar haikuanza kuwa na nyimbo mwaka huo, kwani Nadi Ikhwan Safaa ilikwisha kuundwa tangu 1905. Ilianza kuwa na nyimbo zinazoweza kusikika Tanga na Mombasa bila mwimbaji kuwapo. Huku Bara, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kuanzia 1965 ikajulikana kama Radio Tanzania Dar es Salaam. Mpaka redio za watu binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, bendi ya mkoani iliyotaka kusikika nchini kote ilipaswa kupitia mlango huo mmoja. Musoma ilikuwa na Mara Jazz. Bendi hiyo, sawa na wenzao wa Tabora na Morogoro, ilipiga kwa ajili ya msikilizaji aliyekuwa mbali, na msikilizaji huyo alitaka mapenzi, mawaidha na siasa, si habari za gati la Musoma. New York nayo iliimbwa sana katika zama ambazo wachapishaji wa nyimbo wa Marekani walikuwa wamejazana katika mtaa wake mmoja, Tin Pan Alley. Waliimba kilichokuwa dirishani mwao.

Lakini kosa kubwa zaidi la tasnifu ile lilikuwa la kiisimu, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mwanafunzi alitafuta neno Musoma katika nyimbo za Kiswahili. Mkoa wa Mara una Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kizanaki, Kiikizu, Kingoreme, Kikurya, Kijaluo na lugha nyingine. Mpiga litungu wa Kikurya na mpiga nyatiti wa Kijaluo, kila mmoja na nyuzi zake nane, hutaja watu, koo na mifugo, na mahali hujitokeza kupitia watu hao. Redio ya taifa ilizipa nafasi ngoma za makabila, lakini lugha ya matangazo ilikuwa Kiswahili na Kiingereza, hivyo msikilizaji wa Lindi alisikia mdundo asijue ni mji gani unaosifiwa. Naye mtu wa Mara aliyehamia Dar es Salaam akaimba kwa Kiswahili aghalabu husema “kwetu”. Hicho ni kionyeshi. Hakuna faharasa ya majina ya miji itakayokinasa.

Katika harusi moja pale Kigera nilimsikia mzee akiimba kwa Kikwaya juu ya meli zilizokuwa zikizunguka ziwa, Kisumu, Mwanza, Bukoba, na wasichana waliosubiri gatini. Mji aliuita Omusoma, yaani rasi, ardhi iliyochomoza majini, ndilo chimbuko la jina tunaloliandika leo. Beti zilikuwa nyingi na ukumbi mzima uliitikia. Kwa vigezo nilivyoviidhinisha, ule haukuwa wimbo wa Musoma.

Yawezekana kujibu kwamba mada ilikuwa nyimbo mashuhuri, na wimbo usiovuka Bunda si mashuhuri. Nakubali. Ila hapo utafiti uitwe historia ya utangazaji; usihitimishe lolote juu ya mvuto wa mji wala ubunifu wa wakazi wake, kwa sababu hitimisho la namna hiyo hunukuliwa, na hili limekwisha kunukuliwa katika tasnifu nyingine mbili nilizozisoma.

Mzee yule alifariki kabla sijarudi na kinasa sauti. Wanawe wawili wanaukumbuka wimbo kwa sehemu, mmoja yuko Kigera na mwingine Butiama, na hawakubaliani kuhusu mpangilio wa beti. Likizo ijayo nitaanza na wa Kigera.