Kolwezi: Masomo ya maji na miamba yasiwekwe mwisho wa orodha

Mei 2025, mitetemo ya ardhi ilisimamisha kazi katika mgodi wa chini ya ardhi wa Kakula, kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Kolwezi. Maji yakajaa mahandakini, na kwa miezi kadhaa habari za mradi wa Kamoa-Kakula zikawa za pampu kuliko za shaba. Huo si mgodi mdogo. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 430,000 za shaba.

Miaka sita kabla ya hapo, Juni 2019, udongo wa kingo za shimo la KOV, kwenye eneo la kampuni ya Kamoto, uliporomoka na kuua zaidi ya wachimbaji wa mikono 40. Matukio haya mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza lilikuta mitambo ya kisasa na wataalamu, la pili likakuta watu waliosukumwa na njaa. Hata hivyo yote mawili yanarudi kwenye jambo moja: mwamba hufanya nini unapokatwa chini yake, na maji yake huenda wapi.

Jibu la swali hilo linatakiwa litoke kwa mhandisi wa jiolojia. Ndiyo maana upangaji wa masomo katika shahada hiyo, jambo linaloonekana kuwa la ofisi ya mkuu wa idara na karatasi zake, linawahusu wakazi wote wa Lualaba.

Mfumo wa LMD, ambao Kongo iliutandaza vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unampa mwanafunzi mikopo 180 ya kukusanya kwa miaka mitatu ya shahada ya kwanza, kisha 120 ya shahada ya uzamili. Sehemu ya mikopo hiyo inaweza kutoka kwenye masomo ya kuchagua. Hapo ndipo mfumo huo unapotofautiana na ule wa zamani, ambapo ratiba ilishuka kutoka juu na mwanafunzi kazi yake ilikuwa kuifuata. Sasa kuna nafasi ya kuamua. Lakini uamuzi bila taarifa ni bahati nasibu, na wanafunzi wengi huchagua kwa kusikiliza waliotangulia: somo gani ni jepesi, mwalimu gani hakamati watu, kampuni gani inaajiri mwaka huu.

Na kinachovutia wengi ni utafutaji wa madini. Si vigumu kuelewa. Ndiyo kazi ya hadithi, ya kambi porini, ya sampuli za mwamba zilizochorongwa na kupangwa sandukuni, ya ndoto ya kugundua. Kamoa yenyewe ni hadithi ya namna hiyo. Kwa miongo mingi, tangu enzi za Union Minière hadi Gécamines, shaba ya Katanga ilitafutwa kwenye miamba ya kundi la Roan, ile inayofundishwa mwanzo kabisa kwa kila mwanafunzi wa jiolojia katika ukanda huu. Kamoa ikapatikana juu ya Roan, chini kabisa ya kundi la Nguba, kwenye mwamba uitwao Grand Conglomérat. Waliokariri ramani ya zamani wasingechoronga pale.

Funzo lake, hata hivyo, linaelekea upande mwingine pia. Kilichowafikisha watafiti pale ni msingi imara: madini, miamba, mpangilio wa matabaka, mikunjo na mipasuko, kemia ya udongo. Somo la kuchagua halina maana kwa mtu asiyejua kuchora ramani ya jiolojia kwa miguu yake. Idara inayopunguza wiki za kazi za nje ili kupata nafasi ya masomo ya programu za kompyuta inafanya biashara mbaya. Leapfrog na Surpac hujifunzwa kazini kwa miezi michache. Kusoma mwamba hakujifunzwi hivyo, na kijana wa Kasulo aliyekulia juu ya mashimo ya kobalti, anayetambua heterojeniti kwa weusi na uzito wake, wakati mwingine anamzidi mwenye shahada.

Baada ya msingi huo, masomo ya kuchagua yanayostahili kupewa uzito mkoani humu ni ya maji ya ardhini na mekanika ya miamba. Kolwezi imekaa juu ya dolomiti na miamba ya silika yenye matundu tele, ile ambayo wanajiolojia wa Katanga huiita RSC. Maji hukaa humo na kutembea humo. Kila shimo kubwa la wazi linaloshuka chini ya usawa wa maji huishi kwa pampu, na kila ngazi ya shimo husimama au kuanguka kwa kutegemea shinikizo la maji yaliyo nyuma yake. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili hazijali kama mhandisi alipita somo hilo au la.

Anayetaka kuchagua masomo hayo mwaka wa mwisho lazima aanze kujiandaa mwaka wa kwanza. Mekanika ya miamba inadai hisabati na somo la nguvu za vifaa. Maji ya ardhini yanadai kemia na mwendo wa maji. Ukadiriaji wa akiba ya madini unadai takwimu, na takwimu ndiyo somo ambalo wanafunzi wengi wa jiolojia hulikimbia. Wanapofika mbele wanakuta kwamba ripoti za kampuni zilizoorodheshwa Toronto hufuata kanuni za Kanada, na anayeweka sahihi awe na shahada, uzoefu wa miaka isiyopungua mitano na uanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambulika. Mkongomani asiyeandaliwa kwa hayo ataendelea kubeba sampuli ambazo mwingine atazitia sahihi. Hili linauma zaidi kuliko malalamiko yote ya ajira yanayosikika barabarani.

Mazingira nayo yasidharauliwe kama somo la wavivu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na mtu wa kuandika au kuikagua anahitajika kila mradi. Mabwawa ya topesumu hayataondoka siku migodi itakapofungwa.

Wapo watakaosema chuo hakina maabara wala walimu wa kutosha, na kwamba kuorodhesha masomo mengi ni kujidanganya. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Chuo Kikuu cha Kolwezi ni kichanga kikilinganishwa na Lubumbashi, ambako chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1955. Ndiyo sababu ya kupunguza orodha badala ya kuirefusha. Masomo manne ya kuchagua yenye mwalimu, vifaa na shimo la kutembelea ni bora kuliko kumi na mawili yaliyo kwenye karatasi tu. Migodi iko mwendo wa dakika chache kutoka madarasani, nayo ina vipimo vya maji na vya mteremko wa ngazi vya miaka mingi. Kampuni zinazolipa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinaweza pia kufungua sehemu ya takwimu hizo kwa wanafunzi, jambo lisilozigharimu hata tani moja ya shaba.

Idara nazo zinaweza kuanza na jambo dogo: orodha ya masomo ya kuchagua, pamoja na masomo yanayopaswa kuyatangulia, ibandikwe ukutani siku mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapojiandikisha. Kwa sasa wengi huiona mara ya kwanza wakiwa tayari wamechelewa.