KIDUHA HAKIKUTUMWA NA MTU: ACHENI KUWADHULUMU VIKONGWE

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu yangu mkulima wa Handeni, nawe wa Korogwe, leo sina maneno laini. Mahindi yakidumaa na kuwa manjano ilhali mvua imenyesha, mnasema shamba limechezewa. Baadaye vimaua vyekundu vikichomoza chini ya mahindi, kesi imekwisha: kiduha kimetumwa. Nani kakituma? Bibi mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Ushahidi ni upi? Shamba lake, lililopakana na lako, ni zima.

Je, umeuliza yeye kapanda nini? Muhogo na kunde! Kiduha hiki hakinyonyi muhogo wala kunde. Kinanyonya mahindi, mtama, uwele, mpunga na miwa. "Uchawi" wa bibi ni kwamba hakupanda mahindi.

Sasa sikiliza kinachotokea ardhini.

Kiduha kimoja huzaa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mvua peke yake haiziamshi. Zinangoja ishara kutoka kwenye mzizi. Ishara hiyo ni homoni ya mmea, jina lake strigolaktoni. Wanasayansi wa Marekani waliipata kwanza kwenye mizizi ya pamba mwaka 1966, na mwaka 2008 ikathibitika kuwa mimea huitumia yenyewe kujiendesha: huzuia machipukizi ya pembeni yasitoke ovyo chakula kikiwa haba. Tena mizizi huitoa nje kuwaita kuvu rafiki wanaouletea mmea fosforasi. Udongo ukichoka, mmea huita kwa nguvu zaidi. Na mwizi anasikia mwito uleule.

Anasikiaje? Katika kila seli ya mmea Mwenyezi Mungu ameweka jeni, yaani maagizo ya kuijenga na kuiendesha. Si yote hufanya kazi wakati mmoja, mengine yamefungwa. Katika mbegu ya kiduha kuna protini inayozuia jeni za kuota, kama kufuli. Homoni ikifika hushikwa na protini nyingine, kipokezi chake, na hapo seli huivunja ile kufuli. Jeni zinafunguka, seli zinarefuka, kizizi kinachomoza na kujichomeka kwenye mzizi wa mahindi. Kinanyonya wiki kadhaa chini kwa chini kabla hujakiona. Ndiyo maana mahindi yako "yalirogwa" kabla ya ua hata moja kuonekana.

Mwaka 1956 kiduha hikihiki kilionekana kwenye mahindi huko Carolina, Marekani. Hawakumtafuta kikongwe. Waliweka karantini, wakaing'oa, na wakaingiza ardhini gesi ya ethilini. Hiyo nayo ni homoni ya mimea, ileile inayotoka kwenye ndizi unazovundika ziive. Mbegu zikadanganyika, zikaota pasipo na mahindi, zikafa. Eneo lililovamiwa likapungua mno.

Najua kuna atakayeniandikia: "Shehe, unakanusha sihri nayo imo ndani ya Qur'an?" Sikanushi. Sihri ipo. Lakini kuwapo kwa wizi hakukupi ruhusa ya kumkamata kila anayepita njiani. Sura ya Al-Hujurat imetukataza dhana mbaya na ikatuamuru kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wewe umehakikisha kwa nani? Kwa mpiga ramli! Na Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Umempa mbuzi, umempa fedha ya mbolea, umepoteza swala, na kiduha bado kipo. Huyo bibi ukimfukuza au ukamwaga damu yake, utajibu nini Siku ya Kiyama? Utasema ulimwua kwa sababu ya gugu?

Fanya haya:

1. Ng'oa kiduha kabla hakijatoa maua, mkichome. Kikishazaa mbegu umechelewa.

2. Badilisha mazao. Panda kunde, ufuta au pamba. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya, hufa baada ya siku chache. Bibi uliyemsingizia alikuwa anasafisha ardhi.

3. Lisha udongo: samadi, na mbolea yenye fosforasi kama ya Minjingu. Mmea ulioshiba hauiti sana.

4. Safisha jembe na viatu ukitoka shamba lenye kiduha, na usichukue mbegu humo. Vumbi hilo ndilo "linalotumwa", na mtumaji ni wewe.

5. Mwite bwana shamba kabla ya kumwita mtu yeyote mchawi.

Na kama umeshamtaja mtu kwa ubaya, toba ya kimyakimya haitoshi. Hiyo ni haki ya mja. Mwendee, umwombe radhi, na umsafishe mbele ya walewale uliomchafua mbele yao.

Mfikishie na mwenzako kabla ya masika.

Wabillahi tawfiq.