Masafa ya Angani na Saa za Safari



Wengi wetu tukiulizwa safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hata Songwe ni ya muda gani, hujibu upesi: "Saa moja na nusu." Jawabu hilo ni la ndege, si la msafiri. Tofauti hiyo yafaa ijulikane katika kila nyumba, khasa siku ya msiba.

Masafa ya ndege hupimwa kwa mstari ulionyooka. Kutoka Dar es Salaam hata kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012 karibu na Mbeya, ni kiasi cha kilometa 690. Kwa barabara, hata Mbeya mjini tu, zapita 800. Ndege iendayo kilometa 650 kwa saa ingetazamiwa kufika kwa saa moja na dakika chache. Lakini hutambaa chini kabla ya kuruka, hupanda polepole, na hupunguza mwendo kabla ya kutua. Ndipo ikatimia saa moja na nusu.

Sasa tumfikirie kijana aliyeko Dar es Salaam, ameletewa habari kuwa mzazi wake amefariki Ipelele, katika Wilaya ya Makete. Kwanza apate kiti. Kisha awe kiwanjani saa mbili kabla ya kuruka. Akishuka Songwe, Makete kwa mstari wa angani si mbali, kiasi cha kilometa 100. Lakini katikati pana milima na uwanda wa juu wa Kitulo, penye baridi, mvua na ukungu. Njia ya Chimala kupandia Matamba ina kona 57. Akitaka kuzunguka kwa Makambako, atarudi nyuma karibu kilometa 190, kisha 60 hata Njombe, na kiasi cha 110 hata Makete mjini. Basi saa moja na nusu ya angani imekwisha kuwa mchana mzima.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tusimcheleweshe maiti. Kwa hiyo haifai kijana kupiga simu akasema: "Ningojeeni, baada ya saa moja na nusu nimefika." Wazee watamngoja, jua litakuchwa, na maiti angali ndani. Na ahesabu tangu mlango wa nyumba aliyotoka hata mlango wa nyumba aendayo, aseme saa zote kwa ukweli. Akiona hatawahi, awaambie wazi wazike.

Wala asidhani amekosa kila kitu. Katika madhehebu ya Imam Shafii yajuzu kumsalia maiti aliye mbali, na dua ya mtoto mwema kwa mzazi wake haihitaji ndege wala barabara.

Wabillahi taufiq.