Lenzi ya Pembe Pana kwa Klabu ya Shule: Tuchague Ipi?

Klabu ya shule inayoanza kazi kwa kamera moja na lenzi ya milimita 50 haichukui muda mrefu kabla ya kukwama. Maabara ni finyu, mpiga picha amekwisha egemea ukuta, na bado wanafunzi kadhaa wamebaki nje ya picha. Hapo ndipo huzuka swali la kununua lenzi ya pembe pana. Zipo za milimita 35, 28, 24 na 20, na mara nyingi mnunuzi huambiwa kwamba iliyo pana zaidi ndiyo iliyo bora zaidi. Makala hii inaupinga ushauri huo. Fedha za klabu ni michango ya wanafunzi na wazazi wao. Si haki kuzitumia kwa kubahatisha jambo ambalo hesabu za pembetatu zaweza kulitatua.

Kwanza tuondoe utata wa majina. Filamu yenye upana wa milimita 35 hutoa picha ya milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho kilienezwa na kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuanza kuuzwa mwaka 1925, nacho kingali kikifuatwa na kamera za dijitali zenye fremu kamili. Urefu wa fokasi ni jambo jingine. Huo ni umbali kutoka lenzi hadi mahali ambapo miale itokayo mbali sana hukutanishwa. Kadiri urefu huo unavyopungua, ndivyo pembe ya mwono inavyopanuka.

Mwanafunzi aliyesoma pembetatu zinazofanana ataona mara moja kwamba upana wa eneo linaloonekana, ukigawanywa kwa umbali wake kutoka kamera, ni sawa na 36 ikigawanywa kwa urefu wa fokasi. Kwa umbali wa mita 5, basi, lenzi ya milimita 50 huona upana wa mita 3.6, ya 35 huona mita 5.1, ya 28 mita 6.4, ya 24 mita 7.5, na ya 20 mita 9. Kama upana ndio ungekuwa hoja pekee, mjadala ungeishia hapa, na ushindi ungekuwa wa lenzi ya 20.

Lakini upana una gharama yake. Tuchukue mstari wa wanafunzi 12 wenye upana wa mita 6, nao ujaze picha kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye lenzi ya milimita 24 atasimama mita 4 kutoka kwao. Tukichora mchoro, tunapata pembetatu mraba ya pande 3, 4 na 5: mita 3 kutoka katikati ya mstari hadi kwa mwanafunzi wa mwisho, mita 4 kutoka kamera hadi katikati, na mita 5 kutoka kamera hadi kwa mwanafunzi yule. Uso wake, uliokaribia umbo la tufe, utavutwa kwa ubavu kwa uwiano wa 5 kwa 4. Yaani utaonekana mpana kwa asilimia 25 kuliko ulivyo. Mwenye lenzi ya 28 atasimama karibu mita 4.7, na mvuto huo utapungua hadi asilimia 19. Mwenye lenzi ya 35 atasimama mita 5.8, nao utakuwa takriban asilimia 12 tu.

Vivyo hivyo kwa safu za nyuma. Ikiwa safu ya mwisho iko mita 2 nyuma ya safu ya kwanza, lenzi ya 24 itazifanya nyuso za mbele kuwa kubwa mara 1.5 kuliko za nyuma. Ya 35 itazifanya kubwa mara 1.34. Ieleweke kwamba kosa hapa si la kioo. Ukisimama pale pale, lenzi zote hutoa uwiano ule ule wa mbali na karibu. Lenzi pana humkaribisha mpiga picha asogee, na kusogea ndiko kunakoharibu. Picha hiyo itatundikwa ukutani miaka mingi, na mwanafunzi wa pembeni hakuchagua kusimama pale.

Rai yangu ni hii. Klabu yenye lenzi ya 50 na uwezo wa kuongeza moja tu, inunue ya 28. Ile ya 35 iko karibu mno na ya 50: penye nafasi, hatua chache za kurudi nyuma hutoa karibu upana ule ule. Ile ya 24 hudai uangalifu ambao mwanafunzi anayeanza bado hajaupata. Klabu yenye uwezo wa kununua mbili, iache ya 28 na kuchukua 24 na 35. Moja kwa vyumba na majengo, nyingine kwa watu. Kununua 28 na 35 pamoja ni kulipa mara mbili kwa kazi inayokaribiana.

Wapo watakaosema: tununue ya 24, kisha tukate kingo za picha. Hoja hiyo ina ukweli, kwani picha iliyokatwa hivyo ina mwono ule ule wa lenzi ndefu zaidi. Lakini kuishusha 24 hadi mwono wa 28 ni kutupa robo ya picha na zaidi kidogo. Hadi mwono wa 35 ni kutupa zaidi ya nusu. Klabu ambayo kazi yake kubwa ni kumbukumbu za majengo na mandhari yaweza kuikubali hasara hiyo. Yenye kupiga picha za watu isiikubali.

Mwisho, kabla ya kutoa fedha, mwalimu achunguze kamera iliyopo. Kamera nyingi za dijitali zina kipokea-mwanga kidogo, chenye upana wa takriban milimita 24 badala ya 36. Katika kamera hizo lenzi ya 28 huona kama ya 42, na klabu itashangaa upana umekwenda wapi. Kinyume chake, lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na kamera hizo, huanzia mwono wa 27. Huenda lenzi mnayoitafuta mnayo kabatini.

Kupanga ni kuchagua. Wanafunzi wachukue utepe wa kupimia, wapime maabara yao, wakokotoe, kisha ndipo waende dukani.