Karibu kwa Macho, Mbali kwa Miguu: Tuache Kuwashauri Watu wa Mlimani Tukiwa Bondeni

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo nimelibeba muda mrefu.

Ukiwa mjini Morogoro, inua macho tu. Milima ya Uluguru iko pale juu ya vichwa vyetu, na ukitazama vizuri unaona mashamba na mabati ya nyumba za watu. Maeneo kama Choma, Ruvuma na Towelo yanaonekana kama ukinyoosha mkono utayagusa. Ndiyo maana wengi wetu husema, "Hawa wako mjini kabisa, shida yao nini?" Hata mimi nilisema hivyo. Kisha nikapangiwa kazi huko juu na kupewa chumba kwenye kitongoji kimoja. Usiku nikitoka nje naona taa za mji wote zimetandaa chini. Asubuhi nikihitaji kitu cha mjini ni kushuka kwa miguu, na jioni kupanda tena. Bodaboda inafika mahali inagoma, mvua ikinyesha ndio inagoma mapema zaidi. Hapo nikaelewa kwamba umbali wa mlimani haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa mteremko, na kwa mzigo ulio kichwani.

Maoni yangu ni haya: ushauri mwingi tunaowapa wakulima wa mlimani haufai, kwa sababu tumeuandika tukiwa bondeni.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na stashahada yangu na vipeperushi vyangu, nikahimiza familia moja ichimbe matuta ya ngazi kwenye shamba la mahindi. Walichimba, wakachoka kwelikweli. Msimu ulipofika mahindi yakatoka ya njano, mafupi. Mama mwenye shamba hakunigombeza. Alisimama pembeni ya tuta akaniambia, "Mwanangu, umetuzikia udongo wetu." Alikuwa sahihi. Udongo wa juu wenye rutuba kule ni tabaka jembamba. Tulipochimba, tuliufukia chini na kuuleta juu udongo mwekundu usio na kitu. Ile familia ilinunua unga msimu ule.

Baadaye ndio nikaja kujua kwamba kosa hilo lina historia. Mwaka 1955, wakati wa utawala wa Waingereza, Waluguru waligoma waziwazi kuchimba matuta ya ngazi waliyokuwa wanalazimishwa, mpaka mpango ule ukaachwa. Wapo waliosema ni ukaidi. Lakini mtu anayelima udongo ule kila siku anajua unene wake. Sisi wataalamu tungeuliza kwanza, tungeokoa jasho la watu wengi.

Sisemi matuta ni mabaya. Mteremko bila kinga ni hasara, mvua moja kubwa inaondoka na udongo wa miaka. Ila fanya hivi: tafuta kwanza mstari wa kontua kwa fremu ya A, ile ya miti mitatu, kamba na jiwe, haina gharama. Kwenye mstari huo panda majani ya guatemala, au mananasi ambayo utakula na kuuza. Udongo utajikusanya wenyewe nyuma ya mstari, na tuta litajengeka pole pole. Kama lazima uchimbe ngazi, weka udongo wa juu pembeni, chimba, kisha urudishe juu na uongeze samadi ya mbuzi. Anza na kipande kidogo. Ukiona kimekubali, endelea.

Jambo la pili ni mzigo. Sisi maafisa ugani tumezoea kuhesabu gunia kwa ekari. Mlimani hesabu hiyo inadanganya. Unaweza kupata kabichi nyingi na nzuri, halafu zikakushinda kuzishusha. Mimi sasa namwambia mkulima apige hesabu ya mzigo mmoja: "Kichwa kimoja kikishuka mpaka sokoni, kinarudi na shilingi ngapi baada ya kutoa gharama?" Zao lenye jibu zuri ndilo la kwako. Kwa hesabu hiyo njegere, stroberi na kotimiri mara nyingi zinaipita kabichi, kwa sababu ni nyepesi na bei yake kwa kilo iko juu. Stroberi ichume asubuhi mapema umande ukikauka, usiioshe, iweke kwenye vyombo vidogo visivyo na kina ili za juu zisiponde za chini, na uifunike isipigwe na jua njiani. Ukifika Soko Kuu la Chifu Kingalu na tunda lililopondeka, umebeba bure.

Na hapa niseme wazi, hata kama wenzangu wanaume watanuna. Huko mlimani mara nyingi anayebeba ni mama. Anatoka gizani na tenga kichwani, wengine na mtoto mgongoni. Lakini kwenye mkutano wa kupanga zao la msimu, anayeongea ni baba. Hii sio haki, na pia sio kilimo cha akili. Anayebeba mzigo awe na sauti ya kwanza kuchagua zao. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama tangu enzi za mababu, kwa hiyo hata kwa mila hili halipaswi kuwa geni.

Tatu, watu wa mjini. Maji ya mto Morogoro yanatoka huko juu, na mto Ruvu unaolisha Dar es Salaam nao una vyanzo vyake Uluguru. Mto ukijaa tope, lawama zote kwa mkulima wa mlimani. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mimi nasimamia hilo. Lakini mwenye kishamba kidogo ukimwambia aache kipande cha kando ya mto, unamwambia apunguze chakula cha watoto ili wewe unywe maji safi. Upande wa Kibungo, CARE na WWF waliwahi kuendesha mpango ambao watumiaji wa maji huku chini walichangia kuwalipa wakulima waliotunza ardhi. Kwangu mimi huo ndio ustaarabu. Anayekutunzia maji mlipe, au mjengee njia ya kupitisha mazao yake.

La mwisho nawaambia vijana wa mlimani. Siku hizi watu wa mjini wanapanda kutafuta viwanja vyenye hewa nzuri, wanakuja na fedha taslimu. Ninaelewa kishawishi, maana kubeba mzigo kunachosha. Lakini ukaribu wa mji ndio mtaji wako. Mkulima wa mbali angetamani awe na soko kubwa analoliona kutoka mlangoni kwake. Ukiuza shamba utanunua pikipiki, pikipiki itachakaa, na njegere utakuwa unazinunua sokoni kama mimi.

Yule mama bado analima. Lile tuta langu tulilirekebisha kwa samadi, na sasa kingoni lina mananasi. Nikipita ananiita, "Bwana shamba, njoo uone udongo umefufuka." Nakwenda, nainama, naushika. Siku hizi kabla sijasema neno lolote kwenye shamba la mtu wa mlimani, naomba kwanza nimsaidie kushusha mzigo mmoja mpaka sokoni. Nawashauri na wenzangu wajaribu.

Kilimo chema, tuonane mashambani.