Tusiuze mawe kwa kangomba



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalozungumzwa sana na vijana wa huku Masasi na Newala, nalo ni utajiri wa mawe makubwa ya vito.

Mnamo Juni 2020, Ndugu Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Agosti mwaka huo huo akapata la tatu, la kilo 6.3. Tangu hapo jina lake halijatoka midomoni mwa vijana. Kijana aliyemaliza darasa la saba akiisikia habari hiyo, jembe la kupalilia mikorosho humwia zito mkononi. Kutamani mali si kosa.

Tatizo ni kwamba habari hiyo inasimuliwa nusu. Watu wanalitaja jiwe, leseni hawaitaji. Ndugu Laizer alikuwa na leseni ya uchimbaji mdogo, na alichimba mahali ambapo Serikali ilikwisha kujenga ukuta wa kilomita 24 mwaka 2018 kuzuia utoroshaji. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo walikuwa wamefutiwa kodi mbili, VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa mikoani. Kwa hiyo jiwe lilipotoka ardhini lilikuta njia ya kwenda kwenye mzani wa haki. Bila njia hiyo, mlanguzi angelipatia bei yake, na leo tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Sasa tutazame karibu zaidi. Mtu akisimama Shimo la Mungu hapa Newala, bonde la Ruvuma liko chini yake na Msumbiji iko mbele yake. Huko Montepuez, katika jimbo la Cabo Delgado, rubi ziligunduliwa mwaka 2009. Vijana wengi wa Kitanzania walivuka mto kwenda kuchimba bila kibali, katika ardhi ambayo baadaye kampuni zilipewa leseni yake. Mwaka 2017 maelfu ya wachimbaji walifukuzwa, Watanzania wakiwamo. Wananchi wa huko walipeleka madai London ya kupigwa na kuuawa kwa ndugu zao, na Januari 2019 kampuni ya Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 bila kukiri kuwajibika. Tangu Oktoba 2017 vita navyo vikaingia jimboni humo.

Katika Montepuez hiyo hiyo, mwaka 2022, kampuni nyingine yenye leseni, Fura, ilichimbua rubi ya karati 101. Karati tano ni gramu moja, hivyo jiwe hilo lilikuwa na gramu 20 hivi, uzito wa korosho ghafi tatu au nne tu. Wataalamu walilichunguza kwanza, kisha wakalichonga likabaki karati 55.22. Juni 2023 likauzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 34.8. Jiwe la uzito kama wa korosho mbili!

Hapa ndipo ilipo siri ambayo mchimbaji wa kawaida haijui. Bei ya kito haipandi kama bei ya mchele, kwamba kilo mbili ni mara mbili ya kilo moja. Mawe makubwa yaliyo safi ni adimu mno, kwa hiyo kila karati ya jiwe kubwa huwa na bei ya juu kuliko karati ya jiwe dogo la aina ile ile. Mwenye jiwe kubwa akilipasua ili agawane na wenzake, amechoma fedha. Tena ukubwa peke yake si thamani. Liko jiwe kubwa lenye nyufa na giza ambalo halifai kitu. Mnunuzi anayajua yote hayo. Muuzaji mwenye njaa haambiwi ila jambo moja: “Jiwe lako lina kasoro.”

Sisi wa Mtwara tunaujua mchezo huu. Ndio kangomba. Mkulima mwenye shida alipimiwa korosho zake kwa kopo, kwa bei ya mwenye kopo. Tangu mwaka 2007 tukawa na stakabadhi ghalani: korosho hupimwa, hupangwa madaraja, kisha huuzwa kwa mnada. Malalamiko yapo, hasa malipo yanapochelewa, lakini hata bibi kizee kijijini anajua bei ya mnada wa jana. Nani kijijini anajua bei ya rubi?

Wapo watakaosema mwalimu anawakatisha vijana tamaa. La hasha. Wakati wa machimbo ya Tunduru miaka ya 1990, wanunuzi walitoka Thailand na Sri Lanka kuja kununua. Watu hawasafiri bahari nzima kufuata kokoto. Mali ipo. Swali ni nani ataipata.

Naomba basi mambo matatu. Kwanza, maofisa madini wafike kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika kabla ya msimu wa korosho, waeleze namna ya kupata leseni na mahali pa kupimia jiwe. Pili, bei za masoko ya madini zibandikwe katika ofisi za kata kama tunavyozipata za korosho. Tatu, sisi walimu tuwafundishe watoto karati na gramu katika somo la Hisabati. Ni hesabu rahisi kabisa.

Kwenu vijana: kabla ya kuvuka mto, ulizeni ardhi mnayokwenda kuchimba ina leseni ya nani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Newala, Mtwara.