Sauti ikikwaruza, mwalimu wa kwaya asimamishe mazoezi

Muhula wa pili unapofika hapa Kanyakine, Imenti Kusini, hatuhitaji kalenda kutuambia kwamba mashindano ya muziki ya shule yamekaribia. Jioni utasikia nyimbo zilezile zikirudiwa na kurudiwa madarasani, na baada ya wiki mbili tatu baadhi ya waimbaji huanza kufika kwa daktari. Hawana homa. Wanachoeleza, kwa sauti ya kukwaruza, ni kwamba sauti imekauka, nao wanaomba dawa ya kuirudisha kabla ya Ijumaa.

Dawa hiyo haipo. Na nisemayo leo yanawahusu walimu wao wa kwaya zaidi ya wanafunzi wenyewe. Katika kwaya nyingi, za shule na za kanisa, sauti iliyokauka huchukuliwa kuwa ushahidi wa bidii. Kwa maoni yangu ni ushahidi kwamba mazoezi yalipaswa kusimama nusu saa mapema.

Sauti hutoka katika zoloto, kile kifundo cha shingoni kinachopanda na kushuka tunapomeza mate. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti. Ingawa tumezoea kuziita nyuzi, hazifanani na za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyofunikwa kwa utando mwembamba wenye unyevu. Pumzi ikipita katikati, mikunjo hiyo hugongana: kiasi cha mara 100 kwa sekunde mwanamume anapozungumza, na mara 200 hivi kwa mwanamke. Msichana akiimba noti ya kadiri tu, hugongana karibu mara 400 kwa sekunde. Saa moja ya kuimba hivyo bila kituo ni zaidi ya mara milioni moja. Aliyeshika jembe kwa mara ya kwanza anajua kiganja hufanya nini: kwanza hufura, na akiendelea huota sugu. Nyuzi za sauti nazo hufura, na zisipopumzishwa kwa miezi huota vinundu.

Tatizo ni kwamba kufura huko mara nyingi hakuumi, hivyo anayengoja maumivu amechelewa. Kinachotangulia kupotea ni noti za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo. Mwimbaji bado anaweza kuzipiga kwa nguvu, lakini akijaribu kuziimba polepole, sauti huchelewa kutoka au hutoka pumzi tupu. Mwalimu anaweza kupima jambo hilo kwa dakika moja: achague kipande kifupi cha wimbo unaojulikana na wote, kiimbwe juu na kwa upole kabla ya mazoezi, kisha baada ya nusu saa. Wanaoshindwa na kile walichokiweza mwanzoni wamechoka. Dalili nyingine ni kukohoa-kohoa ili kusafisha koo, kushuka chini ya noti, kuishiwa pumzi katikati ya mstari na mishipa ya shingo kutokeza. Ajabu ni kwamba walimu wengi wakiziona hufanya kinyume, wakawaagiza watoto waimbe kwa nguvu zaidi!

Majira nayo hayasaidii. Mashindano ya ngazi za chini hufanyika wakati wa baridi ya Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Kenya na kila bweni lina mafua. Nyuzi zilizofura kwa mafua zikilazimishwa kuimba, huumia upesi. Wavulana wanaovunja sauti pia wasilazimishwe kubaki juu walikokuwa mwaka jana wala kusukumwa hadi besi.

Kuhusu tiba za nyumbani, chai ya tangawizi, ndimu na asali hutuliza koo, nami sina ugomvi nayo. Lakini tunachomeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti; kingepita huko tungepaliwa. Maji hufaa kwa kunywewa kidogo kidogo mchana kutwa, si kwa kugugumiwa dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Viuavijasumu havisaidii sauti iliyochoka, wala iliyokauka kwa mafua ya kawaida. Peremende za kutia ganzi huficha onyo tu. Kunong'ona nako si kupumzika, kwani wengi huikaza zoloto wanaponong'ona. Kinachotibu ni kunyamaza siku moja au mbili, kisha kurudi taratibu.

Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, huenda mshipa mdogo wa damu umepasuka. Mwimbaji anyamaze papo hapo na aonwe na daktari. Mwaka 2011 Adele, mwimbaji wa Uingereza, alivunja ziara yake ya Marekani kwa sababu ya kuvuja damu namna hiyo, akapasuliwa na kuimba tena mwaka uliofuata. Julie Andrews, ambaye wengi tunamkumbuka kwa filamu ya The Sound of Music ya 1965, hakubahatika: alipasuliwa nyuzi za sauti mwaka 1997, na sauti yake ya kuimba haikurudi ilivyokuwa.

Sauti inayokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, hata kwa asiyeimba, yafaa iangaliwe na daktari wa masikio, pua na koo. Kifua kikuu huweza kushambulia zoloto, na saratani pia, hasa kwa wavutaji sigara. Anayepumua kwa shida, anayeshindwa kumeza au anayekohoa damu asingoje wiki hizo.

Mazoezi yenyewe si lazima yawe ya kuimba tu. Maneno yanaweza kusomwa, mapigo yakapigwa kwa makofi, na tena wakifundishwa sehemu yao soprano wanyamaze badala ya kuwasindikiza. Mimi ningeweka kituo kila baada ya dakika 45. Mwalimu mwenyewe ajihurumie, maana ameshinda darasani akisema tangu asubuhi.

Lakini watoto huficha sauti iliyokauka. Kwa wengi wao safari ya mashindano ndiyo safari ya kwanza mbali na nyumbani, na wanajua anayekaa benchi huachwa. Kwa hivyo siku ya kwanza ya mazoezi, kabla ya noti yoyote, mwalimu awatangazie kwamba atakayesema amechoka ataketi, asikilize, afuate maneno kwa macho, na nafasi yake katika basi itabaki yake.